Pikipiki ya Kuchanganya Oili: Kilomita Ndizo Zinazoamua Faida

Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja, yaani gramu 31.1. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita bei ya namna hiyo haiishii kwenye mizani ya soko la madini. Fedha ikiingia Katoro, Nyarugusu, Kakola au Mwakitolyo, sehemu yake hutafuta usafiri. Mwenye duara, mnunuzi wa viroba vya mawe, mwenye karasha na muuza chakula anayefuata machimbo mapya wote wanahitaji chombo kitakachofika mahali ambapo gari halifiki.

Hapo ndipo madalali huleta bidhaa ambayo vijana wengi wa leo hawakukua nayo: pikipiki ndogo kuukuu ya injini ya mapigo mawili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Bei yake huwa chini ya bei ya pikipiki mpya, mlio wake ni mkali, na muuzaji hakosi la kusema juu ya nguvu zake mlimani. Mwenye akiba ndogo hushawishika haraka.

Bidhaa hii kwa mtu mmoja ni mtaji, na kwa jirani yake ni deni. Kinachowatenganisha wawili hao ni kilomita ambazo pikipiki itatembea kwa siku. Anayenunua kwa kutazama bei peke yake hajafanya hesabu iliyo kubwa kuliko zote.

ZILIKOTOKA

Kabla ya biashara ya bodaboda kuenea, pikipiki za mapigo mawili zilikuwa jambo la kawaida katika Afrika Mashariki. Yamaha DT125, Yamaha AG100 na Suzuki TF125 zilijulikana kwa mabwana shamba, wamisionari, waganga wa vijijini na watumishi wa miradi ya misaada. AG100, yenye ujazo wa cc 97, ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: ina kapeti za mizigo mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa yote. DT125 na TF125, zenye cc 123 kila moja, ni za njia mbaya, zenye shokapu ndefu na madigadi ya mbele yaliyoinuliwa juu ya tairi.

Katikati ya miaka ya 2000 pikipiki za mapigo manne kutoka China na India zilianza kujaza soko. Zilikuwa za bei nafuu, zilikula petroli kidogo, na spea zake zilipatikana hata katika maduka ya vijijini. Mwaka 2010 serikali ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, zikisimamiwa wakati huo na SUMATRA, biashara ya bodaboda ilipata sura ya kisheria. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko chini ya LATRA. Katika safari yote hiyo pikipiki ya mapigo mawili ilirudi nyuma hatua kwa hatua. Zilizobaki leo ni zile zilizouzwa kwa mnada na ofisi au miradi, zilizoachwa na wastaafu, au zilizokwisha kupita mikono mitatu minne.

Mnunuzi aelewe basi kwamba anaingia katika soko jembamba. Bidhaa ni chache, mafundi wanaoijua vizuri ni wachache, na siku atakapotaka kuuza, wanunuzi nao watakuwa wachache. Katika soko la namna hiyo bei ya chini si zawadi. Mara nyingi ni malipo ya taabu itakayofuata.

HESABU YA KILOMITA

Injini ya mapigo mawili yenye kabureta ina kasoro ya maumbile. Mchanganyiko mpya wa hewa na petroli huingia katika silinda wakati ule ule moshi unapotoka, na sehemu ya petroli, inayoweza kufikia theluthi moja, hutoka nje kupitia ekzosi bila kuungua. Fundi hodari hupunguza hasara hiyo kwa kurekebisha kabureta, lakini hawezi kuiondoa.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila msomaji ataijaza upya kwa bei za sokoni kwake. Pikipiki kuukuu ya mapigo mawili imenunuliwa kwa Sh. 900,000. Kuchonga silinda, pistoni, ringi na gasketi ni Sh. 180,000. Sili na beringi za injini ni Sh. 120,000. Tairi mbili, cheni na sproketi ni Sh. 200,000. Kuhamisha umiliki, bima na gharama nyingine ndogo ni Sh. 100,000. Jumla ni Sh. 1,500,000. Bei aliyoitaja dalali ni asilimia 60 tu ya fedha itakayotoka mfukoni.

Upande wa pili iwekwe pikipiki mpya ya mapigo manne kwa Sh. 3,000,000. Tofauti ni Sh. 1,500,000, na tofauti hiyo ndiyo inayomvuta mnunuzi.

Sasa pikipiki zote mbili zipewe kazi ya kilomita 60 kwa siku. Ikiwa ya mapigo manne inakwenda kilomita 50 kwa lita, itakula lita 1.2. Ikiwa ya mapigo mawili inakwenda kilomita 25 kwa lita, itakula lita 2.4. Petroli ikiwa Sh. 3,000 kwa lita, tofauti ni Sh. 3,600 kwa siku. Kwa mchanganyiko wa lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli, na oili ikiwa Sh. 10,000 kwa lita, oili ya kuchoma ni karibu Sh. 960. Jumla ya ziada ni Sh. 4,560 kwa siku, au Sh. 76 kwa kila kilomita.

Kwa siku 26 za kazi ziada hiyo ni Sh. 118,560 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 1,422,720. Ni kweli kwamba pikipiki ya mapigo manne nayo hubadilishwa oili ya injini, jambo linalopunguza tofauti kidogo. Lakini picha haibadiliki. Katika kazi ya kilomita 60 kwa siku, unafuu wote wa bei huliwa katika muda wa mwaka mmoja na ushei, na kuanzia hapo kila mwezi ni hasara.

Pikipiki hizo hizo zikipewa kilomita 10 kwa siku, ziada inakuwa Sh. 760 kwa siku, sawa na Sh. 237,120 kwa mwaka. Hapo mwenye pikipiki kuukuu anabaki mbele kwa miaka mingi, mradi injini yake iwe nzima. Mpaka wa pande hizi mbili, kwa hesabu ya miaka mitatu, uko karibu na kilomita 20 kwa siku. Na kwa kuwa chombo kuukuu hakikosi matengenezo ya ghafla, mtu mwangalifu ataushusha mpaka huo hadi kilomita 15.

Kutokana na hesabu hiyo yapo mambo mawili yaliyo wazi. La kwanza, pikipiki ya mapigo mawili si chombo cha kumpa kijana kwa mkataba wa bodaboda ili alete hesabu kila jioni. Anayepanda kutoka Kahama mjini hadi Kakola na kurudi, au anayezunguka Katoro kutwa nzima, atatembea kilomita nyingi mno. Petroli itakula hesabu ya tajiri au posho ya dereva, na mkataba utavunjika kwa ugomvi. La pili, chombo hiki kina nafasi kwa mwenye kazi yake mwenyewe ya njia fupi na mbaya: kutoka kambini hadi kwenye duara, kutoka duara hadi kwenye karasha, kutoka karasha hadi kwenye mwalo wa kuoshea.

Bei ya petroli nayo isisahauliwe. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wilaya zilizo mbali na bandari hupangiwa bei kubwa zaidi kuliko Dar es Salaam. Kila petroli inapopanda, mpaka wa kilomita unashuka. Aliyenunua kwa hesabu ya kubana sana atajikuta upande usio wake.

TOPE NA VUMBI

Swali linalofuata ni kwa nini mwenye njia fupi asinunue pikipiki kuukuu ya mapigo manne, ambayo nayo ni ya bei nafuu. Mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi. Pikipiki za njia mbaya hupata nafasi yake pale tu udongo unapoamua.

Wasukuma hutofautisha udongo wao kwa majina: luseni ni mchanga wa miinuko, itogolo ni ardhi ngumu, na mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Mvua za Novemba hadi Aprili zikinyesha, udongo wa mbuga hunata kama unga wa ugali. Pikipiki ya barabarani, ambayo madigadi yake yamekaribiana na tairi, hujaza tope katika nafasi hiyo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Dereva hushuka na kijiti, hukwangua, husogea hatua chache, hukwama tena. DT125 au TF125, kwa madigadi yake ya juu na uzito wake mdogo, hupita. Kwa mwenye duara ambaye siku moja ya kukosa maji, dizeli au chakula cha vijana wake humgharimu zaidi ya petroli ya wiki nzima, uwezo wa kupita una bei yake.

Kiangazi huleta adui mwingine. Makarasha husaga mawe, na sehemu kubwa ya mawe yenye dhahabu katika ukanda huu ni ya kwazi, jiwe gumu kuliko chuma cha silinda. Vumbi lake ni msasa. Katika injini ya mapigo manne hewa huingia juu ya pistoni tu. Katika injini ya mapigo mawili hewa hupita kwanza chini, kwenye krenki na beringi zake, ndipo ipande silinda. Kichujio cha hewa kikitoboka au kikiachwa kikavu, vumbi hilo hukwangua kila kitu njiani. Pikipiki iliyofanya kazi jirani na makarasha bila sponji safi iliyopakwa oili ni pikipiki iliyokwisha kuliwa, hata kama rangi yake inang'aa.

Jambo la kwanza la kufungua basi ni boksi la kichujio. Mnunuzi apitishe kidole upande wa ndani, ule unaoelekea kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, bei ishuke kwa gharama ya injini nzima, au mazungumzo yaishe.

KUIKAGUA INJINI

Muuzaji hodari huiwasha pikipiki kabla mteja hajafika. Mnunuzi asikubali. Injini iguswe kwa mkono, na ikiwa ya moto, asubiri mpaka ipoe. Injini ya mapigo mawili iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa ya moto na kukataa ikiwa baridi, au kinyume chake, na tabia zote mbili zina maana.

Kiki ikanyagwe polepole. Injini nzima hukataa mguu kwa nguvu inayosikika. Kiki ikishuka kama pedali ya cherehani, ringi au silinda zimekwisha. Fundi mwenye geji ya kupimia mgandamizo hutoa jibu la uhakika zaidi, na malipo yake ni madogo mbele ya fedha iliyo hatarini.

Ukubwa wa pistoni ni swali ambalo wanunuzi wengi husahau. Silinda za pikipiki hizi za zamani zina ukuta wa chuma unaoweza kuchongwa, na kwa kawaida pistoni za ziada hupanda kwa robo ya milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kila mchongo ni maisha mapya, lakini idadi yake ina mwisho. Pikipiki iliyofika 1.00 imekula akiba yake yote, na mmiliki mpya atahitaji silinda nyingine au ukuta mpya. Pikipiki mbili zinazofanana kwa macho, moja ikiwa bado katika kipimo cha kiwandani na nyingine ikiwa katika mchongo wa mwisho, hazistahili bei moja. Namba ya ukubwa huwa imepigwa juu ya kichwa cha pistoni, na kufungua kifuniko cha silinda ni kazi fupi kwa fundi.

Sili za krenki hazionekani, lakini hujitangaza. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi huwa mzito na mweupe, na oili ya giaboksi hupungua bila kuvuja nje. Sili ya upande wa sumaku ikichoka, injini hunyonya hewa. Mchanganyiko hukosa petroli, injini hupanda mlio yenyewe bila kuongezwa mafuta, joto huzidi, na mwisho wake ni pistoni kunata katika silinda. Kosa hilo la pili ni la hatari zaidi kwa sababu pikipiki hukimbia vizuri kabisa muda mfupi kabla ya kufa.

OILI NDIYO ROHO

Injini hii haina oili inayozunguka ndani yake kama ile ya mapigo manne. Oili huja na petroli, hupaka, huungua, hutoka. Siku ikikosekana kwa dakika chache tu, injini imekwisha.

Mwaka 1964 Yamaha ilileta mfumo wa Autolube, ambao pampu ndogo huvuta oili kutoka katika tanki lake na kuipeleka kwenye injini kwa kadiri ya mwendo. DT125 na AG100 zina pampu hiyo, na Suzuki nao wana mfumo wao unaofanana. Mwenye pikipiki hujaza petroli tupu katika tanki kubwa na oili katika tanki dogo.

Tatizo ni kwamba pampu ikisumbua, mafundi wengi huikata na kumwambia mwenye pikipiki achanganye kwa mkono. Pikipiki ikiuzwa mara mbili, habari hiyo hupotea. Mmiliki mpya huliona tanki la oili, huamini lina kazi, hujaza petroli tupu, na injini hunata kabla hajafika nyumbani. Hasara ya namna hii huzuilika kwa swali moja na jicho moja. Muuzaji aulizwe mbele ya shahidi kama pampu inafanya kazi. Kisha mpira wa oili ufuatwe kutoka kwenye tanki hadi kwenye injini, kuona kama umezibwa au umekatwa. Palipo na shaka yoyote, safari ya kwanza ifanywe kwa petroli iliyochanganywa. Moshi ukizidi kidogo hauui injini.

Kipimo chenyewe si siri. Moja kwa 25 ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 200 kwa dumu la lita 5. Chupa ya maji ya nusu lita iliyopigwa alama kwa kalamu inatosha kuwa kipimo. Kukisia kwa kifuniko ni kamari.

Aina ya oili nayo ni jambo la biashara. Geita iko jirani na Ziwa Victoria, na kwa sababu ya injini za mitumbwi oili ya mapigo mawili hupatikana kwa urahisi katika miji ya mwaloni. Lakini oili yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini za majini zinazopozwa kwa maji. Pikipiki hizi hupozwa kwa upepo na joto lake ni kubwa zaidi. Zinafaa kupewa oili yenye alama ya JASO, daraja la FB au FC. Anayenunua kopo asome alama hiyo kabla ya kusoma bei.

Petroli ya kwenye chupa za kando ya njia iangaliwe kwa jicho kali. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa kishawishi. Mafuta ya taa katika injini hii husababisha kugonga na joto kupita kiasi, na pistoni ndiyo hulipa.

KADI KABLA YA FEDHA

Pikipiki iliyopita mikono mitatu bila kuhamishwa jina ni hatari kuliko iliyokwisha ringi. Kadi iwe halisi, si nakala. Namba ya fremu na namba ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosuguliwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuondoka.

Jina lililo kwenye kadi likiwa la mtu mwingine, pawepo hati za mauziano zinazounganisha mikono yote, au mwenye jina aje mwenyewe. Pikipiki iliyonunuliwa mnadani iwe na hati ya mnada. Palipokuwa na mradi uliofungwa zamani na hakuna hati, mnunuzi hatapata mtu wa kumsainia. Uhamisho wa umiliki hufanywa TRA, na ni vyema fedha ya mwisho itolewe baada ya TRA kuthibitisha kumbukumbu za chombo, siyo kabla. Madeni ya faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya pikipiki katika mfumo wa Polisi, na uhalali wa bima katika mfumo wa TIRA. Mambo yote hayo huchukua muda mfupi kwa simu ya mkononi.

Hati ya mauziano iandikwe mbele ya wakili au katika ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, na mashahidi wa pande zote mbili. Katika maeneo ya machimbo, ambako watu huja na kuondoka kwa wiki, muuzaji wa leo anaweza asionekane kesho. Pikipiki bila kadi ina soko, lakini ni soko la spea, na bei yake iwe ya spea.

ZILE ZA MASHINDANO

Kuna kundi jingine linaloonekana kwa nadra lakini humpumbaza mnunuzi kwa urahisi. Ni pikipiki ndogo za motokrosi kama Yamaha YZ85 na Kawasaki KX85, zilizotengenezwa kwa watoto wanaoshindana katika viwanja kama Jamhuri Park mjini Nairobi au Busiika nchini Uganda. Mtoto akikua, mzazi huuza, na chombo kinaweza kuishia mbali na kiwanja.

Nguvu yake kwa ujazo wake ni kubwa kweli. Lakini haina taa, haina pampu ya oili, haina mahali pa abiria wala kapeti ya mzigo, na haikutengenezwa kusajiliwa kwa barabara. Injini hupozwa kwa maji, na rejeta yake hutoboka kwa jiwe moja. Silinda yake imepakwa madini magumu badala ya ukuta wa chuma, hivyo fundi wa kawaida hawezi kuichonga na kuweka pistoni ya ziada. Ikikwanguka, hununuliwa nyingine au hupelekwa kupakwa upya mbali. Maisha ya pistoni yake huhesabiwa kwa saa za kukimbia, si kwa miaka.

Mzazi anayemtafutia mtoto mchezo, mwenye uwanja na fedha ya matengenezo, anaweza kuinunua akijua analipia burudani. Mfanyabiashara anayeambiwa kwamba chombo hicho kitambebea viroba Rwamgasa au Mgusu anauziwa maneno.

MSIMAMO WA SOKO

Mtu mwenye Sh. 1,500,000 katika ukanda huu ana njia nyingine nyingi za kuzungusha fedha yake. Anaweza kuingia ubia wa duara, kununua mpunga Kahama, au kuweka bidhaa dukani. Pikipiki ya mapigo mawili ishindane na hizo zote, na isipewe upendeleo kwa sababu ya mlio wake. Itashinda katika hali moja tu: njia ni fupi, udongo ni mbaya, mwenye chombo anakiendesha mwenyewe, injini bado ina mchongo wa akiba, na kadi ni safi. Sharti moja likikosekana, pikipiki kuukuu ya mapigo manne ni chaguo salama zaidi.

Spea ziulizwe kabla ya ununuzi. Mnunuzi apite madukani Kahama, Shinyanga mjini au Mwanza akiwa na orodha ya vitu vitatu: pistoni ya ukubwa unaofuata, sili za krenki na pampu ya oili. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Geita kwenda Mwanza haisubiri tena kivuko, na hilo limewasogezea mafundi wa Geita maduka ya Mwanza. Hata hivyo, daraja halileti spea ambayo haipo dukani. Vitu hivyo vitatu visipopatikana, chombo kitasimama wiki nzima kwa sili ndogo, na siku za kusimama nazo ni gharama.

Kwa upande wa wauzaji, ofisi na miradi inayopiga mnada vyombo chakavu ingepata bei nzuri zaidi kama kila pikipiki ingeuzwa na faili lake: kadi, hati ya kutoa umiliki, na karatasi inayosema kama pampu ya oili imekatwa. Mnunuzi anayejua anachonunua hulipa zaidi ya anayebahatisha. Leo punguzo kubwa la bei za vyombo hivi linatokana na mashaka, na mashaka hayo yanaondolewa kwa karatasi tatu.

Bei ya dhahabu ikiendelea kuwa juu, madalali watazidi kuzitafuta pikipiki hizi katika maboma na magodauni ya mikoa yote miwili, na bei zake zitapanda pamoja na matumaini ya wachimbaji. Wakati huo ndio wa kushika kalamu. Sh. 76 kwa kilomita si fedha ya kutisha kwa safari moja, lakini kwa mwaka wa safari ndefu inatosha kununua nusu ya pikipiki mpya. Mnunuzi apime kwanza njia yake, ndipo aulize bei.